Alichosikia Mama

Mama yangu alifundisha Kurani kwa wanawake katika ukumbi wa nyumba yetu ya Mji Mkongwe tangu kabla sijazaliwa. Walikuja baada ya alasiri: wasichana, wake za watu, na mabibi walioamua uzeeni kusahihisha walichojifunza vibaya utotoni. Hakuhitaji kukaa nao karibu. Aliweza kuwa jikoni anakuna nazi, na mtu akichanganya thaa na sini kule ukumbini, mbuzi ilinyamaza na sauti yake ikapenya: "Ulimi uko wapi?" Mwenye kosa alijijua, akarudia. Hata katika Kiswahili cha kawaida hakuwa na huruma. Ukisema "samani" nawe ulikusudia "thamani", alikuuliza kama unazungumzia bei au kabati.

Kwa hiyo alasiri moja, nilipokuwa nakunja nguo pembeni, nilishituka kumsikia msichana mmoja akikosea herufi ileile na mama, aliyekaa ubavuni mwake, akitikisa kichwa kwa kuridhia. "Endelea," akasema. Yule msichana alimtazama, kisha akamtazama mwenzake, na wote wawili wakainamisha macho. Mama aliwaona wanavyotazamana. Walipoondoka ndipo aliponiambia kwamba wanafunzi wa siku hizi wanakuja kumcheza shere.

Tuhuma zilianzia hapo, kwa wanafunzi, kisha zikaenea. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke waliyezoeana tangu ujana, akawa eti anasema chini chini makusudi. Muuza samaki wa marikiti anamung'unya maneno ili apate kumpunja. Shehe wa redioni hana meno. Redio yenyewe aliifungua kwa sauti ya kutikisa vikombe kabatini, na nikiipunguza aliniuliza ni nani ninayemngoja hata nitake kumsikia akibisha hodi.

Nyumba ile tulikaa wawili tu. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya kuachika, nikifundisha skuli asubuhi na kushinda naye mchana. Kaka yangu alikaa Uroa na mkewe na watoto, akisimamia stoo ya hoteli moja ya ufukweni. Alikuja kila Ijumaa, akasali mjini na kula chakula cha mchana kwetu. Nyumba ni ya mama mwenyewe, aliyoachiwa na babake, na kila mtu mtaani alijua kwamba nyumba kama zile zinatafutwa na wenye kutaka kuzifanya za wageni.

Kisha likatokea la jirani. Mwanawe wa kiume alikuwa Muscat kwa miaka mingi bila ya kurudi. Asubuhi moja jirani alipita mlangoni kwetu mbiombio na kapu mkononi, akamwambia mama bila ya kusimama: "Mwanangu kafika jana." Mama alipiga ukelele. Alijitanda kanga, akatoka, akaenda kukaa chini mlangoni kwa jirani akilia na kumuombea maiti. Watu wakatoka majumbani. Yule kijana mwenyewe akatokeza ngazini na kikoi chake, mzima, akiuliza kuna nini.

Jirani hakucheka. Aliporudi na kukuta kilio mlangoni kwake alisema ule ni uchuro, na kwamba mtu hamlilii aliye hai ila ana lake moyoni. Nilimuomba radhi. Mama naye, nilipomrudisha ndani, alishikilia kwamba ameambiwa "kafa" kwa masikio yake mwenyewe, na kwamba yule mwanamke amemtega ili aaibike mbele za watu. Tangu siku hiyo hakukaa tena barazani. Akaacha harusi, akaacha maulidi, akaacha hata maziko ya watu wa karibu. Alasiri, wanafunzi wakiondoka, alifunga mlango kwa komeo na kukaa ukumbini akiutazama.

Usahaulifu nao ukaingia, au ndivyo tulivyouita. Aliacha chai ikachemka mpaka birika likaungua. Ukimuuliza jambo, alijibu jingine. Ukimpa ujumbe asubuhi, jioni anaapa kwamba hukumwambia neno. Baadhi ya wanawake wakaacha kuja chuoni kimyakimya, na kila mmoja aliyeacha mama alikuwa na sababu yake: huyu kanunuliwa na jirani, yule kasikia maneno kutoka kwangu.

Ijumaa moja kaka alipanda juu kutazama paa. Mvua za vuli zilikuwa zimeingia mpaka kitandani pangu, na mabati yalikuwa yameoza. Alishuka, tukasimama kwenye ngazi tukizungumza. Mama alikuwa amekaa chini yetu, anachambua mchele. Kaka alisema kuziba ziba hakufai tena, nyumba lazima tuiezue kabla ya masika. Nikakubali. Tulizungumza kwa sauti ya kawaida, wala hatukuwa na la kuficha.

Kaka alipokwenda zake, mama aliniita. Alikuwa hajagusa mchele tena.

"Nshakusikieni," alisema. "Mnataka kuiuza kabla ya masika."

Nilimweleza. Nilisema kuezua, mama, mabati, si kuuza. Nilinyanyua mikono kumuonesha paa. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayebadilisha hadithi baada ya kukamatwa. Akaniambia kwamba babake hakumuachia nyumba ili aje kuuliwa nayo na watoto wake.

Nilimpigia kaka simu kumsimulia, nikitaraji atahuzunika. Alicheka, na kicheko kile kilichelewa na kikawa kirefu kuliko jambo lenyewe. Kuanzia Ijumaa iliyofuata nikawa natega sikio kila anapozungumza, na kila anapompelekea mama zawadi najiuliza ni ya nini. Sikuwa na ushahidi wowote. Tuhuma za mama zilikuwa zimenishika na mimi.

Mama mdogo, nduguye mama anayekaa Kidichi, alikuja na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Alisema dada yake si mgonjwa bali kachezewa, na mwenye husuda hayuko mbali. Akakitazama kidogo kile chumba changu. Mama alikunywa kombe bila ya ubishi. Alisema hayo ni maneno ya Mungu na hawezi kuyakataa, ila na wanaomnong'ona waombewe wakome.

Kaka ndiye aliyetaka apelekwe hospitali. Daktari aliyemuona alikuwa kijana mpole, amevaa barakoa, na nyuma yake feni ilizunguka kwa kelele. Alimuuliza mama amekuja na nani. Mama akajibu: "Mkate na chai." Akamuuliza leo siku gani, mama akasema hajui amemkusudia nani. Akamtajia vitu vitatu avikumbuke, na baada ya muda mama akarudisha kimoja tu. Daktari alituambia kwa upole kwamba akili ya mzee imeanza kupungua, kwamba ndivyo umri unavyokwenda, tumchunge na moto na tusimuache atoke peke yake. Kaka alitikisa kichwa sana kwa kukubali. Njiani alisema mama akakae Uroa, kuna hewa na kuna mkewe wa kumtazama. Nikamuuliza na nyumba je. Akasema nyumba ni mawe tu.

Neno lile lilinikaa. Na lile jibu la mkate na chai nalo lilinikaa, kwa sababu nyingine. Usiku ule nililirudia rudia kichwani. Umekuja na nani. Umekula nini. Mtu aliyeulizwa amekula nini, na kweli alikuwa amekula mkate na chai, jibu lake lina kosa gani?

Kesho yake mama alikuwa amekaa anashona ukingo wa kanga, amenipa mgongo. Nilisimama nyuma yake nikasema, kwa sauti yangu ya siku zote, kwamba kitambaa hicho kina samani kubwa. Akaendelea kushona. Nikarudia. Hakugeuka. Nikazunguka, nikakaa mbele yake kwenye mwanga wa dirisha, nikasema maneno yaleyale.

Aliusitisha mkono. "Kina thamani," alisema. "Samani utalalia."

Niliangalia uso wake. Hakuwa ameyasikia maneno yangu. Alikuwa ameyaona: ulimi wangu haukutokeza kwenye meno pale ulipopaswa kutokeza. Akili iliyonisahihisha haikuwa ya mtu asiyejua leo siku gani. Sikumwambia kaka. Nilitaka kwanza kujua mwenyewe.

Nilipata habari za daktari wa masikio, mwanamke wa makamo, nikampeleka mama kwa kumwambia tunakwenda kupima sukari. Hilo la kudanganywa alilijua tulipofika tu, na akanishika mkono kwa nguvu, akaniuliza kama kaka yangu yuko chumba cha pili. Daktari alivuta kiti, akakaa ana kwa ana naye, uso wazi. Alimwambia pole pole anachotaka kufanya. Akamtia kwenye kijichumba chenye kuta nene, akamvisha vipokea sauti, akampa kidude cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mimi nilikaa nje na daktari, nikawa naisikia ile milio ikitoka kwenye mashine. Ile minene mama aliibonyezea. Ile myembamba ilipita mmoja baada ya mwengine, na mama amekaa ametulia, kidole juu ya kidude, anangoja.

Alipotoka, daktari alimwambia yeye, hakuniambia mimi. Alisema bado anasikia sauti nene, ila zile nyembamba zimeondoka, na herufi zinazopita kwenye meno ndizo zinazotangulia kupotea. Mama alinyanyua vidole. "Thaa," alisema. "Sini. Shini. Fa." Daktari akasema ndizo hizo. Mama akaitazama mikono yake muda mrefu.

Nilimuuliza daktari kuhusu usahaulifu. Alinieleza kwamba mtu asiyesikia vizuri hushinda akikisia, na nguvu ambayo ingewekwa katika kukumbuka huishia katika kukisia. Neno lisiloingia haliwezi kukumbukwa. Kisha mtu huyo huchoka na watu, hujitenga, na kichwa kisichozungumza na watu hulala. Uziwi ukiachwa hivyo miaka mingi bila ya kutibiwa, usahaulifu hupata njia ya kuingia kwa urahisi zaidi.

"Siwezi kukuambia kwamba ni masikio tu," alisema. "Huenda ana yote mawili. Tukimrejeshea anachoweza kusikia, usahaulifu utakaobaki ndio wenyewe."

Nikamuuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema. Alisema mapema ni bora, na leo ni bora kuliko mwakani. Hilo la kwanza sikupenda kulisikia.

Vifaa vilipofika, vidogo, rangi ya ngozi, mama alivikataa. Alivigeuza kiganjani kwa ncha ya kidole. Alisema amewaona vijana wanapita uchochoroni na vitu kama hivyo masikioni, wanazungumza na watu wasioonekana. Yeye nani atakuwa anamsikiliza? Aliuliza kama kaka anajua kuhusu vifaa hivi. Nikasema anajua, nilimwambia baada ya kipimo. "Basi ndiyo maana," alisema, akavifungia kwenye kopo la udi na kopo akaliweka chini ya mto. Kila nilipomkumbusha, alikuwa na swali jipya: vinawaka vyenyewe? Vikizimwa vinazimika kweli?

Hakuvivaa kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya daktari. Siku moja wanafunzi waliobaki walikuwa wanasoma. Mmoja alifika mahali akasita, akatazamana na mwenzake, na mama akawaona tena wakitazamana. Aliwanyanyulia mkono wangoje. Akaenda chumbani. Aliporudi, mtandio wake ulikuwa umenyanyuka kidogo upande wa masikio. Akakaa, akasema, "Rudia."

Msichana akarudia. Mama aliusikiliza mpaka mwisho ule usomaji, macho ameyafumba, kisha akamwambia makosa yake, moja baada ya jingine, na mengine aliyokuwa nayo tangu zamani, ambayo mama sasa ndipo alipoyatambua. Msichana alitokwa na machozi, sijui kwa haya au kwa furaha.

Jioni ile mama alizunguka nyumba nzima. Alilalamika kwamba ndara zake zinapiga kelele, kwamba maji ya mfereji yanakwaruza. Aliuliza shomoro wamerudi lini. Nilimwambia hawakuwahi kuondoka. Akasimama dirishani mpaka giza likaingia.

Hakuna aliyemwambia kaka kwamba mama ameanza kuvivaa. Mama mwenyewe ndiye aliyeniomba nisiseme, na nilikubali upesi. Ijumaa ilipofika, kaka alikula, akanawa, na simu yake ikalia. Alisimama palepale uani, akaupa mgongo ukumbi aliokuwemo mama, akazungumza bila ya kushusha sauti. Kwani asikiwe na nani? Kwa miaka tulikuwa tumezoea kusema mbele yake lolote, kama mtu anavyosema mbele ya kabati. Mimi nilikuwa jikoni, maji yanatiririka, sikuyapata maneno. Mama aliyapata.

Kaka aliporudi kukaa, alimmiminia kahawa. Akangoja anywe.

"Nani huyo," alimuuliza, "uliyemwambia kwamba kichwa changu si changu?"

Kaka alinitazama mimi. Kisha akasema lile tulilokuwa tukimwambia sote kila siku. "Mama, umesikia vibaya."

Mama alivuta mtandio nyuma ya sikio. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Alimrudishia maneno yake kama anavyomrudishia mwanafunzi aya, bila ya kuacha herufi: kwamba mzee hasikii, na kichwa pia si chake, na akishahamia Uroa watazungumza vizuri kuhusu nyumba.

Kaka alikiri kwamba kuna mtu mwenye nyumba za wageni amekuwa akimfuata tangu kiangazi. Hakumkubalia, lakini hakumkatalia. Alisema yeye aliamini alichoambiwa na daktari wa kwanza. Aliona mama anapotea, paa linaanguka, dada yake amechoka, na akadhani anawaokoa wote. Nilipomtazama sikuona mwizi. Alikuwa mtu aliyemzika mamake kabla ya wakati na akaanza kugawa vitu.

"Kama nimepotewa na akili, niambie usoni," mama alisema. "Nikishindwa kujibu, hapo ndipo useme na watu."

Halafu akageuka kwangu, akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilishuku. Akasema kushuku na kunyamaza ni nusu ya kujua, na hakulisema tena.

Aliwaita mama mdogo kutoka Kidichi na wazee wawili wa ukoo, akasema mbele yao kwamba nyumba haitauzwa maadamu yu hai na anaweza kusema hapana. Kaka ndiye aliyeleta mafundi wa mabati, akasimama nao juu mpaka wakamaliza, na masika yalitukuta wakavu. Kwa jirani mama alikwenda mwenyewe. Alimuonesha vile vifaa, akamwambia alichosikia siku ile na alichoambiwa hasa. Jirani alimkaribisha, wakanywa chai, wakacheka kidogo. Lakini mwanawe aliposafiri tena kurudi Muscat hakutuambia siku ya safari mpaka kijana alipokwisha fika.

Siwezi kusema kwamba mama amepona. Daktari wa masikio alisema kweli: kulikuwa na yote mawili. Anasikia, anakaa barazani, amerudi kwenye maulidi, na maneno yake yanafuatana. Lakini bado anasahau jina la mtu aliyetoka kusoma mbele yake, na kuna asubuhi anayoniuliza baba yangu ameshakwenda kazini. Nikimwita asipoitika, sijui kama ni betri zimekwisha au ni yeye amekwenda mbali. Nakwenda mbele yake, nasema tena. Mara nyingi ananijibu "naam", na mara nyengine ananitazama mdomo tu.

Kaka anakuja kila Ijumaa kama zamani. Anakaa mbele yake, kwenye mwanga, anatamka maneno taratibu. Anampenda, sina shaka. Mama naye anampa finyango bora ya nyama. Ila wiki iliyopita simu ya kaka ililia wakati wa kula, na yeye kwa adabu akatoka nayo uchochoroni. Mama alisubiri mlango ufungwe, kisha akaniashiria nikamsikilize anasema na nani. Nilitoka nikajifanya namwaga maji. Alikuwa anazungumza na mkewe kuhusu samaki wa kupeleka nyumbani. Nilirudi nikamwambia mama.

Alikuwa ananitazama mdomo muda wote niliposema. Kisha akaniuliza kama nna hakika.